Nyumba Iliyoipa Lami Kisogo

Kama hujawahi kukaa Same, basi upepo hujaujua, umesikia tu hewa ikipita. Upepo wa Same haupulizi, unasukuma. Unatoka kule milima ya Upare inapoachana, unapenya hilo pengo kama ng'ombe waliofunguliwa zizini, unavuka barabara kuu bila kuangalia kulia wala kushoto. Ukikuta kofia unachukua. Ukikuta mchanga unachukua. Ukimkuta mtu anaongea unamrudishia maneno yake mdomoni. Wenyeji wameshauzoea, na ukiwaona wanatembea wameinama upande mmoja usidhani wanaumwa kiuno.

Sasa mwambie mtu mwenye akili zake ajenge nyumba ishirini na nne pale, zote zimeukodolea macho upepo huo. Atakataa. Lakini mradi wa nyumba hizo haukumwuliza mtu mwenye akili zake. Uliuliza mchoro.

Nyumba zenyewe zilikuwa chini ya lami, upande wa tambarare, zimepangwa mstari mmoja mrefu kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Bati jipya, kuta nyeupe, kibaraza kipana mbele, dirisha la jiko mbele, na mlango mmoja tu, nao mbele. Vyote vilitazama barabarani, ili watu wa kwenye mabasi waone nchi imeendelea. Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, mashamba ya mkonge yanauzwa kwa matajiri, wafanyakazi wanapunguzwa kwa mafungu, na kila kitu kizuri kilitakiwa kionekane kutoka dirishani kwa basi. Makondakta wakapaita pale Tazama Lami. Jina likaganda.

Vyoo ndiyo usiseme. Vilitakiwa kuwa nyuma ya nyumba, lakini fundi alipochimba nyuma akakutana na mwamba, akatupa sururu, akavileta mbele, katikati ya nyumba na lami. Akavipaka rangi ya bluu vikapendeza. Abiria wakadhani ni vibanda vya tiketi. Kuna mzee mmoja aliteremka kabisa na mzigo wake, akagonga, akauliza basi la Tanga linapita saa ngapi. Akajibiwa kutoka ndani, "Subiri zamu yako!"

Na upepo ulitoka huko huko kwenye vyoo. Wewe unakunywa chai yako asubuhi, na tayari unajua jirani alikula nini jana.

Nyumba namba tisa ilikuwa ya Rogathe. Rogathe ni mwanamke wa Vudee, mlimani, mjane, mfupi, mkavu kama kuni ya mwezi wa tisa, na sauti yake haipandi hata akikasirika. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi shamba la mkonge, uwanja wa kuanika. Mkonge ukishasagwa mashineni, zile nyuzi zake, singa, hutoka zimelowa, na akina Rogathe ndio waliozitandaza juu ya nyaya zikauke. Kazi ile inataka ujue upepo kama mvuvi anavyojua maji. Ukitandaza vibaya, singa zinafungana mafundo na msimamizi anakufunga fundo wewe. Alipopunguzwa, wakamwambia kiinua mgongo chake nusu ni nyumba ya mradi. Akakubali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya Brightness.

Brightness ni mwanawe wa pekee, binti wa miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani, na ana pumu. Mlimani ukungu ulimbana kifua. Shambani vumbi la katani likambana zaidi. Rogathe akasema, sasa tunakwenda mjini, nyumba mpya, kavu, saruji chini. Hapa mwanangu atapumua.

Siku ya kwanza tu walipofungua mlango, upepo uliingia kabla yao. Ukapita sebuleni, ukafagia meza, ukaenda jikoni ukauchukua moshi wa mkaa ukaugawa vyumba vyote, hakuna kilichokosa. Ugali wa siku hiyo ulikuwa na mchanga, unaalika menoni. Wiki mbili zikapita hivyo. Brightness akawa analala amekaa, mgongo ukutani, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kisimani. Mganga wa zahanati akamwambia Rogathe wazi, "Mama, dawa ninayo. Lakini dawa haiwezi kupigana na mchanga na moshi kila siku. Mtafutie mahali hewa inapotulia."

"Mahali gani tena?" Rogathe akajibu. "Nimebakiza hapa."

Akaenda ofisini kwa meneja wa mradi.

Meneja aliitwa Gideoni. Kijana wa suti ya kahawia, kalamu tatu mfukoni, mdogo kwa Rogathe kwa miaka kumi na mitano mizuri, lakini shikamoo yake alikuwa ameiacha Dar.

"Karibu mama, sema haraka, nina sherehe ya kuandaa."

"Meneja, nyumba zinatazama upepo."

"Nyumba zinatazama barabara, mama."

"Barabara haiingii jikoni kwangu."

Gideoni akacheka kidogo, akamwonyesha mchoro uliobandikwa ukutani, mkubwa, una mihuri. "Hii imechorwa na wataalamu. Wamesomea."

Rogathe akasogea. Ramani hajasoma, lakini mlima anaujua. Pale mchoroni akaona nyumba zimepangwa, mbele yake lami, na nyuma yake mstari wa vimeno vimeno.

"Hivi vimeno ni nini?"

"Milima."

"Iko nyuma ya nyumba?"

"Si unaona mwenyewe."

"Hebu njoo mlangoni, baba." Gideoni akasimama kwa uvivu, akaja. Rogathe akanyoosha mkono juu ya paa za Tazama Lami, juu ya lami, hadi kule ng'ambo milima ilikokaa imejipanga na ubluu wake. "Mlima ule pale, mbele ya nyumba. Kwenye karatasi yako nyumba zimeupa upepo mgongo. Huku nje zimeupa uso."

Gideoni akakohoa. "Kiwanja kilihamishwa. Mwanzo zilikuwa zijengwe juu ya lami, upande ule wa mlima. Kule kukagawiwa wengine."

Hao wengine hakuwataja, na hapakuwa na haja. Mji mzima ulijua kule juu ni wakubwa gani wamesimika nguzo.

"Sawa. Kiwanja mlikihamisha. Na mchoro mliuambia?"

"Mchoro ni mchoro, mama! Umekuja umegongwa muhuri, mimi ni nani niugeuze?"

"Basi mimi nigeuze mlango wangu tu. Mmoja. Kwa mikono yangu."

Hapo Gideoni akaacha kucheka. Akamwambia hivi, na Rogathe aliyashika maneno yote: baada ya wiki tatu mgeni rasmi anakuja kufungua nyumba na kugawa barua za umiliki. Kabla ya hiyo barua, nyumba ni ya mradi. "Ukigusa tofali moja, jina lako nalikata. Wanaoisubiri namba tisa wako wengi, tena wenye shukrani."

Rogathe akarudi nyumbani polepole, kaupindia upepo bega. Akimwacha Brightness mle wiki tatu nyingine, hajui atamkuta na kifua gani. Akigeuza mlango, hana nyumba. Na baada ya barua je? Gideoni hakusema baada ya barua itakuwa ruhusa.

Kesho yake akafungua mzigo wake wa shambani, akatoa fungu la singa. Akachimbia miti minne, mmoja kila upande wa nyumba, na kila mti akaufunga kishungi cha singa juu. Halafu akaleta kigoda, akakaa, akatazama.

Jirani yake wa namba kumi alikuwa Majaliwa, Muha kutoka Kigoma, aliyekata mkonge shamba moja naye hadi vidole vikawa kama kucha za kobe. Huyo hanyamazi.

"Mama Brightness! Umeanza uganga?"

"Uganga ni wako wewe unayekula mchanga ukidhani ni chumvi."

"Ha! Na hizo ndevu za mbuzi za nini sasa?"

"Njoo uzitazame. Ya mbele inafanya nini?"

"Inapigana."

"Za pembeni?"

"Zinakimbia."

"Nenda nyuma."

Majaliwa akazunguka nyuma. Kimya. Kishungi cha nyuma kilikuwa kimening'inia tuli, kama ndevu za mzee aliyesinzia ibadani. Akanyoosha kiganja. Akavua kofia, akaishika juu ya kichwa, akaiachia. Ikamwangukia kichwani.

"Mama yangu," akasema. "Kumbe Same kuna mahali kama hapa?"

"Kuna mahali ishirini na nne kama hapa. Nyuma ya kila nyumba. Ila hakuna mlango wa kufikia."

Rogathe akatazama vishungi vyake siku saba, asubuhi, adhuhuri na jioni, asije akageuza kitu kwa pupa. Siku ya nane akatuma ujumbe Vudee kwa kaka yake Eliamini, mwashi wa mawe na mzee wa mfereji.

Hapa lazima ujue kitu kimoja cha Wapare. Kuna kazi inaitwa msaragambo. Baragumu likipigwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na ukisikia baragumu ukajifanya umelala, unatozwa faini mbele za watu na aibu juu. Lakini msaragambo ni wa kitu cha wote. Hakuna aliyewahi kupigiwa baragumu kwa ajili ya mlango wa mtu mmoja, tena wa huko mjini.

Wazee wakamwambia Eliamini hivyo hivyo. "Dada yako ana nyumba ya bati. Aajiri fundi."

Eliamini akawauliza, "Maji yakija vibaya shambani, mnafanyaje? Mnagombana na maji?"

"Tunageuza mfereji."

"Na mfereji wa mtu mmoja ukivunjika, nani anakwenda?"

"Wote. Leo wake, kesho wangu."

"Basi chini kule upepo unakuja vibaya. Anzeni na mlango wake."

Wazee wakakuna vichwa. Mwisho mmoja akasema haya, ila siku gani? Jumamosi Wasabato hawashiki nyundo, Jumapili Walutheri na Wakatoliki hawashiki, Jumatatu ni gulio. Ikaangukia Alhamisi. Na Mungu naye ana mipango yake, maana Alhamisi hiyo hiyo Gideoni alikwenda Moshi kununua utepe na vitambaa vya sherehe.

Lori la ndizi liliwashusha Tazama Lami jua linachomoza. Watu kumi na saba, wanawake kwa wanaume, na sururu, patasi, timazi ya kunyooshea ukuta, mchanga na gogo zito la linta, la kubeba ukuta juu ya mlango, walilolichonga huko huko mlimani. Eliamini akapanda kwenye jiwe, akaweka baragumu mdomoni, akalipiga. Sauti ikaenda hadi stendi. Milango ishirini na mitatu ikafunguka.

"Mmesikia?" Eliamini akawaambia wale majirani. "Aliyesikia akikaa ndani, faini!"

"Sisi si Wapare!" Majaliwa akajibu kutoka kibarazani kwake.

"Upepo ulikuuliza kabila?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini hawakutoka. Kila mmoja alikuwa na barua yake inasubiriwa, na kila mmoja alimwogopa Gideoni. Rogathe akawaelewa, hakuwaangalia mara mbili. Akachukua patasi na nyundo, akaenda ukuta wa nyuma, na tofali la kwanza akaligonga yeye. Kaka yake alitaka kumsaidia, akamkatalia.

"Hili niachie. Wakiuliza nani kaanza, jibu liwe moja."

Kazi ikaanza, bwana. Eliamini huwa anasema ukuta hauvunjwi, ukuta unaombwa, na waliuomba kwelikweli, tofali moja moja, bila kupasua. Yaliyotoka nyuma yakabebwa mbele. Linta ikapandishwa kwa wimbo. Mlango ukang'olewa na fremu yake, ukazungushwa nyumba nzima juu ya mabega ya wanaume wanne, kama bibi harusi. Dirisha la jiko nalo likafuata. Ilipofika saa nne Shamimu wa namba nane, dada wa Tanga anayeuza maandazi, akaja na beseni kichwani.

"Mimi sijaja kwenye msaragambo wenu," akasema. "Nimeleta chai tu. Chai si tofali."

"Chai si tofali," Rogathe akakubali. "Weka pale."

Saa tano Majaliwa naye akatoka na koleo. "Nimekuja kuangalia kama zege mnalikoroga vizuri," akasema, na mara akawa analikoroga yeye. Nyuma yake akaja wa namba kumi na nne, halafu wa namba tatu na mkewe. Watu wa Songea, wa Kigoma, wa Singida, wote ambao mkonge uliwaleta na mkonge ukawamwaga. Mchana kibaraza kiling'olewa mbele, nguzo, bati na yote, kikahamia nyuma. Saa kumi alasiri nyumba namba tisa ilikuwa imeipa lami kisogo. Mbele ukuta mtupu, hauna hata tundu la panya. Nyuma mlango, dirisha, kibaraza.

Brightness akatoa cherehani yake kibarazani. Akaweka kitambaa chepesi cha gauni juu ya meza, akaondoa mkono. Kitambaa kikakaa. Akamwangalia mama yake, akacheka hadi akashika kifua, na hakukohoa.

Gideoni alirudi jioni na maboksi yake. Alisimama mbele ya namba tisa muda mrefu, anatafuta mlango.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Rogathe akatokea pembeni ya nyumba, saruji hadi viwikoni. "Tofali la kwanza ni langu."

"Nilikwambia! Nilikwambia mama! Jina lako nimelikata. Kabla ya sherehe uwe umetoka humu."

"Nitoke?"

"Utoke!"

"Kwa mlango upi? Maana ule wako umezibwa."

Majirani walioko madirishani wakacheka, ila kicheko cha mtu aliyeficha uso. Gideoni akaondoka amevimba. Asubuhi yake karatasi ya kumtoa ilikuwa imegandishwa ukutani, na chini ya jina la Rogathe kumepigwa mstari mwekundu.

Brightness akaisoma kwa sauti. Halafu akasema, "Mama, tufungashe?"

Rogathe akaweka kikombe chini. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. "Jana umelala?" akauliza.

"Nimelala. Nimelala chali kabisa."

"Basi hatufungashi. Akitaka atubebe na vitanda vyetu."

Siku tisa zikapita. Kila siku Gideoni anapita, anagonga ule ukuta wa mbele kwa hasira, na kila siku Rogathe anamjibu kutoka nyuma, "Karibu, zunguka!" Hazunguki. Kuita mgambo aliogopa, maana wakubwa wangeuliza kuna nini. Akaona bora afiche. Siku ya sherehe asubuhi, akautundikia ule ukuta usio na mlango kitambaa kikubwa cha kijani, toka paa hadi chini, kimeandikwa KARIBU MGENI RASMI. Ukipita kwa basi huoni kitu. Unaona furaha tu.

Mgeni rasmi alitoka makao makuu ya mradi. Bi Honorata, mama wa makamo, mnene, miwani, kilemba kirefu cha njano. Wakamkalisha mbele chini ya turubai, katikati ya vyoo vya bluu na nyumba namba tisa, kwenye kochi la kuazima. Kwaya ikaimba. Pilau ikapakuliwa. Gideoni akashika kipaza sauti, kalamu zake tatu zinang'aa, akaanza, "Mheshimiwa mgeni rasmi, makazi haya ni ya kisasa…"

Saa tano na robo upepo ukaamka.

Kwanza ukaja na harufu, na Bi Honorata akageuza shingo taratibu kuvitazama vile vibanda vya bluu. Halafu ukaja na mchanga juu ya pilau. Halafu ukaja wenyewe. Utepe ukakatika kabla haujakatwa. Karatasi za hotuba zikaondoka kurasa tano kwa mpigo kuelekea uwanda wa Wamasai. Turubai likajaa, likanyanyuka na vigingi vyake, wanakwaya watatu wakaning'inia kwenye kamba wakiendelea kuimba. Kilemba cha njano kikafunguka, Bi Honorata akakishika kwa mikono miwili kama usukani wa lori. Na kile kitambaa cha kijani kikang'oka juu, kikapiga kofi moja la nguvu, kikamfunika Gideoni mzima na kipaza sauti chake. Ndani ya kitambaa spika ilisikika ikisema, "…ya kisasa… ya kisasa… nitoeni!"

Hapo ndipo watu wote wakaiona namba tisa. Nyumba nyeupe, safi, haina mlango.

"Meneja," Bi Honorata akapiga kelele kuushinda upepo. "Hii nyumba watu wanaingilia wapi?"

Gideoni akachomoza kichwa. "Hiyo ni… ghala, mheshimiwa!"

"Ghala linapika? Mbona moshi unatoka nyuma?"

Hakusubiri jibu. Mwanamke mzito yule aliinuka, akainamisha kichwa, akautoboa upepo hadi kwenye kona ya nyumba, akakata. Na watu wote nyuma yake, kwaya, wazee, madereva.

Walipokata ile kona, ilikuwa kama mtu kafunga redio. Kimya. Kibarazani Brightness anashona. Shamimu anakaanga maandazi, moshi unapanda umenyooka hadi usawa wa bati. Rogathe amesimama mlangoni, gauni la ibadani, kanga safi begani, kwa sababu alijua kama si kupewa barua leo, basi ni kutolewa, na vyote viwili vinataka mtu awe amevaa vizuri.

"Shikamoo mama," Rogathe akasema.

"Marahaba, ingawa sijui nani mkubwa hapa. Nikae?"

"Kaa, ndiyo maana ya nyumba."

Bi Honorata akakaa. Watu wakajaa kibarazani na uwanjani, mia na zaidi, hakuna aliyeshika kofia yake. Akawekewa chai. Karatasi chache za hotuba zilizookolewa akaziweka mezani, akazitazama. Zilikaa zenyewe, bila jiwe juu.

"Nani kaijenga hii?"

Gideoni akafungua mdomo. Rogathe akamuwahi.

"Mliijenga nyie, mama. Mimi nimeigeuza. Nimeanika katani miaka ishirini na miwili, upepo nimefanya nao kazi. Binti yangu ana pumu. Meneja alinikataza, nikageuza. Jina langu limekatwa, na karatasi ya kunitoa iko ukutani mbele, kile kitambaa chenu kilikuwa kimeifunika. Naomba usisikie habari hii kwa mtu mwingine."

"Na mimi nilikoroga zege!" Majaliwa akapayuka.

"Na mimi chai," akasema Shamimu. "Ila chai si tofali."

"Na mimi!" akasema wa namba tatu. "Na mimi!" wa kumi na nne. Watu wale waliojificha madirishani, sasa kila mmoja anadai kosa lake kama anayedai zawadi.

Bi Honorata akaomba mchoro. Ukaletwa, ukatandazwa kati ya vikombe. Akaangalia vile vimeno vya milima, akaangalia nje. Akaushika pembe mbili, akauzungusha polepole hadi vimeno vikakaa upande ulipo mlima. Nyumba zote mchoroni zikawa zimeipa lami kisogo, kama namba tisa.

Akavua miwani. "Meneja, huyu mama peke yake ndiye aliyejenga kama tulivyochora."

Vigelegele vilivyopigwa pale, upepo wenyewe ulisita. Majaliwa akadaka, "Kesho namba kumi! Mheshimiwa ruksa?"

"Ruksa. Zote. Na hivyo vyoo, vunjeni mwamba. Baruti nitaleta mimi."

Barua zikaanza kugawiwa. Moja, mbili, tano. Ikaitwa ya nane, Shamimu akacheza nayo. Ikaitwa ya kumi. Bi Honorata akainua mkono. "Ya tisa?"

Gideoni akaingiza mkono mfuko wa ndani wa suti, akaitoa. Barua ilikuwa na mstari mwekundu juu ya jina. Bi Honorata akaipokea, akaandika pembeni kwa mkono wake kwamba mstari ni batili, akasaini, akapiga muhuri, akampa Rogathe. "Na wewe weka sahihi hapa chini."

Meza ilikuwa imejaa. Mchoro, vikombe, maandazi, sahani za pilau yenye mchanga. Rogathe akageuka huku na huku na barua yake na kalamu ya kuazima, hana pa kuegemeza. Watu wakamtazama Gideoni. Gideoni akatazama chini. Halafu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akageuka, akashika magoti, akainama.

Rogathe akaitandaza barua juu ya suti ya kahawia. Akaanza kuandika jina lake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, wala haruki hata moja.

"Tayari, mama?" Gideoni akauliza kutoka chini.

"Bado. Nimeandika Rogathe tu. Limebaki la baba, Eliakunda, na la ukoo. Tulia, usinitikisie nyumba yangu."